Barabara Isiyo na Adui

Mwezi uliopita binti yangu alimaliza sehemu ya mwisho ya mchezo wa video ambao amekuwa akiucheza, sehemu baada ya sehemu, tangu akiwa shule ya msingi. Nilidhani angefurahi. Badala yake aliitupa maneti, kile kidude cha kuchezea, kwenye kochi, akanifuata jikoni nilikokuwa nakaanga ndizi, akasema shujaa amekalishwa kwenye kiti cha kifalme, fataki zimepigwa, halafu majina ya watengenezaji yakaanza kupanda kwenye kioo. "Ni hivyo tu, mama? Miaka yote ile?" Nikamuuliza angependa uishe vipi. Alifikiri, akachukua ndizi mbili akaenda zake.

Nikabaki na mwiko mkononi, nacheka peke yangu. Maana, rafiki yangu, swali hilo mimi nililipatia jibu zamani, nikiwa na miaka kumi, huko Gisenyi, katika chumba kilichonuka mafuta ya cherehani na makaa ya pasi. Sikulipata peke yangu. Tulikuwa mimi, bibi yangu, mama yangu, na jirani yetu fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji, lakini kwenye mashine ya mchezo hakuna kijana wa mtaani aliyemshinda.

Mtaa wetu ulikuwa karibu na Petite Barrière, ule mpaka mdogo wa kwendea Goma, upande wa Kongo. Wengi wa pale tulikuwa tumetoka Kongo miaka michache tu nyuma, kwa hiyo ndugu walikuwa huku na ng'ambo, na Kiswahili chetu kilibaki cha Goma hata baada ya kurudi nchini kwetu. Asubuhi uliamshwa na malapa ya akina mama wakiteremka mpakani na mabeseni kichwani. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alivusha nyanya, karoti na vitunguu vya soko la Mahoko, karibu na kwetu, jioni akarudi na sabuni, mafuta ya mawese au vipande vya kitenge. Siku aliyorudi na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, tulijua kabla hajafika mlangoni. Bibi aliwakaanga mpaka wakavunjika mdomoni kama biskuti, tukala na viazi vitamu, na paka wa jirani akaja kukaa kizingitini, mpole kama mgeni aliyealikwa.

Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kusugua masufuria kwa majivu na kuchambua maharage pamoja na bibi. Nikimaliza tu, nilikuwa nimeshafika kwa mama fundi.

Huyo ndiye jirani ninayemsema. Alikuwa mjane, akiishi peke yake na cherehani yake ya miguu. Mwanawe mkubwa alikuwa Ubelgiji, na siku moja alimtumia kwa mkono wa msafiri televisheni na mashine ya mchezo iliyokwisha kutumika. Nadhani alijinunulia mpya, ile ya zamani akaituma nyumbani kama watu wanavyotuma koti. Sisi watoto tulisherehekea, tukijua mzee kama yule hatakuwa na kazi nayo. Tulikosea. Mama fundi alivuta kigoda, akaishika maneti kwa ncha za vidole kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na hakuiachia tena. Alichohitaji ni mtu wa kumsomea maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa chini ya kioo. Akanichagua mimi, kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani katika imla, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, "ule mutoto hana kelele."

Mchezo wenyewe haukuwa wa mpira wala wa magari. Ulikuwa hadithi unayoitembea kwa miguu. Unakuwa mtu fulani, msichana mfinyanzi kutoka kijiji kilicho kando ya ziwa, na unazunguka nchi nzima pamoja na wenzako ukitafuta asili ya ubaya uliotoka chini ya ardhi. Mwenzake mmoja alikuwa askari aliyetoroka jeshini, tukamwita Kaporali. Mwingine alikuwa mzee mpiga kengele. Hadithi ilikuwa na sehemu tatu, kila moja kwenye sidii yake, nasi tulikuwa na mbili za kwanza tu, na kila moja ilikula miezi, hasa kwa namna mama fundi alivyocheza. Hakupita mtu bila kumsalimia. Aliingia kila nyumba. Watoto waliokuwa dirishani walilia kwa kukosa subira, naye akajibu bila kugeuka, "Mutu anapita mulangoni pa wenzake bila kuuliza habari, huyo ni mutu gani?"

Shida ilikuwa barabarani. Ukitoka tu kijijini, hatua chache, kioo kinazunguka kama maji kwenye beseni, ngoma zinalia, na mbele yako wamesimama wanyama wenye meno. Unapigana, unashinda, unatembea kidogo, kinazunguka tena. Mama fundi alikuwa na neno moja kwa wakati huo. "Banakuya!" alipiga kelele, yaani wanakuja, na dirisha zima likarudia, "Banakuya!"

Hakuna aliyeona ajabu kwamba katika mchezo pia barabara haziendeki. Miaka ile ndivyo tulivyoishi. Ile ya Ruhengeri, ya kwendea Kigali, watu waliipita kwa msafara kwa kuogopa waasi, magari yamefuatana, askari mbele na nyuma, na hata hivyo kila mtu alisali kwanza. Kutoka vilima vya Rugerero familia nzima zilishuka jioni na magodoro kulala mjini. Sisi watoto tuliyajua hayo kama tulivyojua mvua, bila kuuliza.

Sehemu ya kwanza ya hadithi iliisha vibaya. Mfinyanzi na wenzake waliufikia mlango wa chini ya ardhi, lakini ili ufungwe ilibidi mtu mmoja abaki upande wa ndani akiushikilia. Kaporali akabaki. Mlango ukafungwa, majina yakapanda. Mama fundi akaniuliza, "Basi bamemwacha?" Nikasema ndiyo. Wiki ile alishona bila kuimba.

Ya pili ilitusumbua zaidi. Tuliimaliza baada ya Pasaka, chumba kimejaa, na pale tulipotegemea kujua kila kitu, mfinyanzi alisimama njia panda, kioo kikawa cheusi, na yakaandikwa maneno mawili: À suivre. Nikasoma kwa sauti ndogo, nikatafsiri: itaendelea.

"Itaendelea?" mama fundi akasimama. "Nguo za batu zimelala pale, sketi za shule hazina pindo, mi niko hapa na mufinyanzi yake, halafu ananiambia itaendelea?" Alichukua kitambaa cha meza akaifunika televisheni kama mtu anavyofunika maiti. Bibi yangu, aliyekuwa mlangoni na ungo wake, alicheka mpaka maharage yakamwagika.

Mama ndiye aliyetuokoa. Siku moja alirudi kutoka Birere, mtaa wa wafanyabiashara kule Goma, na ndani ya kitenge alikuwa amefunga sidii ya sehemu ya tatu. Hakujua ni nini hasa, alijua tu kwamba picha ya juu ilikuwa na msichana yule yule na chungu chake. Mama fundi alimkumbatia beseni likiwa bado kichwani.

Tulianza likizo ilipoanza. Na ilikuwa katika likizo hiyo, tukiwa tumebakiza kidogo kufika mwisho, vita vilipoanza upya ng'ambo.

Asubuhi ile mama alivuka kama kawaida. Mchana mpaka ukafungwa. Nakumbuka akina mama waliokuwa hawajavuka wakirudi mtaani na mabeseni yao yamejaa, wakitembea haraka. Bibi alisimama kwenye njia mpaka saa ya kuingia ndani ikafika, maana usiku ilikatazwa kutembea. Mama hakurudi. Kesho yake pia. Watu walileta habari, kila mmoja na yake: wafanyabiashara wamekimbilia kanisani, hapana, wamepandishwa malori, hapana, wako salama kwa ndugu zao. Bibi alizipokea zote kwa neno moja, "Tumesikia," akarudi kwenye ungo. Nilianza kumwona akichambua maharage ambayo tayari alikuwa ameyachambua.

Mama fundi alikuja kunichukua. Alisema nyumba yake ina baridi bila mtu wa kumsomea. Najua sasa kwamba alitaka tu nisikae nikitazama njia. Akawasha mashine, tukaendelea kutoka pale tulipoishia, na alasiri moja tukajikuta tumesimama mbele ya ule mlango wa chini ya ardhi, nyuma yake Kaporali, na nyuma ya Kaporali adui wa mwisho.

Ndipo nilipoogopa. Unajua mtoto anavyofikiri. Nilijiambia kwamba kama Kaporali amekufa mle ndani, basi na mama. Na kama hatufungui, hakuna kilichoamuliwa.

"Mama fundi," nikasema, "tusimalize."

"Juu ya nini, mutoto yangu?"

"Kama Kaporali amekufa..."

Alinitazama, akaiweka maneti chini taratibu. Mwanamke yule alikuwa amesubiri mlango ule tangu sehemu ya kwanza. "Bon," akasema. "Tutangojea. Mi nina sketi za kushona."

Akarudi kwenye cherehani. Ilikuwa bibi, kutoka kizingitini, aliyezungumza. Bibi alisema nami Kinyarwanda siku zote, na sauti yake haikupanda kamwe.

"Ninapomaliza kukusimulia ngano, huwa nasema nini?"

Nikamjibu kama kila mtoto wa kwetu anavyoweza kujibu: *Si njye wahera, hahera umugani.* Nisikome mimi, ikome hadithi.

"Na unadhani tunasema hivyo kwa nini?"

"Sijui."

"Hadithi lazima ikome, ndiyo kazi yake. Inakoma yenyewe ili mtu abaki. Sasa wewe unaizuia. Iache ikome." Akapepeta ungo. "Mama yako si mtu wa kwenye kioo. Mama yako yuko Goma."

Sikuelewa vizuri, lakini niliona mkono wake umetulia juu ya maharage, nikatulia na mimi. Nikamwambia mama fundi niko tayari. Akaisukuma cherehani pembeni kabla sijamaliza sentensi.

Tukafungua. Ndani kulikuwa na giza, na katikati ya giza mtu amekaa ameegemea mlango, ndevu zimefika kifuani. Kaporali. Maneno yakatokea chini na mimi nikasoma: "Mmechelewa. Kuna chakula?"

Mama fundi aliangua kicheko, machozi yanamtoka, akapiga mapaja. "Yoo! Anauliza chakula! Ni muzima huyu, ni muzima kabisa!" Hata bibi aliuliza kasema nini, nikamfasiria, akasema mwanamume ni mwanamume popote.

Vita vya mwisho vilikuwa virefu lakini sitakusumbua navyo. Tulishinda. Kinachobaki akilini mwangu ni kilichofuata. Nilitegemea majina yapande. Hayakupanda. Mfinyanzi alitokea juu ya ardhi, asubuhi, barabarani, na chini yakaandikwa maneno matatu tu: Rentrez chez vous. Rudini kwenu.

Mama fundi akaanza kutembea. Hatua chache, mabega yake yakapanda, nikajua anasubiri kioo kizunguke. "Banakuya," alinong'ona. Akatembea. Hawakuja. Akapita msitu ambao katika sehemu ya kwanza ulituua mara nyingi kuliko mahali pengine pote. Upepo tu, na mwanamke amebeba kuni, aliyesema "bonjour". Akapita daraja la sehemu ya pili. Watoto walikuwa wanaogelea chini yake.

"Hakuna batu babaya?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeutengeneza mchezo.

"Sioni."

"Tuzunguke tuone."

Basi, rafiki yangu, tulizunguka nchi nzima. Hapakuwa na hazina ya kutafuta wala wa kupigana naye. Tulikwenda kijiji cha wachimba chumvi, tukamkuta bibi kizee tuliyempa dawa amejenga nyumba mpya. Tulikwenda gati ya ziwa, mpiga kengele akapanda mnara wake akabaki huko, tukamuaga. Mama fundi alitembea polepole, katikati ya barabara, na kwa mara ya kwanza hakuegemea mbele kwenye kigoda. Watoto wa dirishani walichoka wakaondoka. Sisi hatukuchoka. Saa ya kuingia ndani ilipokaribia tulikuwa tumefika mbele ya kijiji cha mfinyanzi, hatujaingia. Tukahifadhi mchezo, tukazima.

Kesho yake adhuhuri niliona bibi ameacha ungo umelala chini, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Kisha nikasikia sauti ya mama nje, akigombana. Anagombana! Alikuwa anamlalamikia jirani kwamba sambaza wake wote wameoza, beseni zima, kwa sababu ya watu wasio na akili wanaofunga mpaka bila kuonya. Miguu yake ilikuwa imevimba, kitenge kimejaa vumbi la lava. Bibi alimwendea. Alimshika mikono yote miwili, juu ya viwiko, kama tunavyosalimiana kwetu, na hakuachia. Mama akasema, "Niko salama, mama. Tulilala kwa shangazi, juu ya magunia ya makaa, mpaka walipofungua njia. Nipeni maji." Halafu akaniona, na yeye ndiye aliyeanza kulia. Mimi nilikuwa nimeshang'ang'ania kiuno chake, nanusa samaki waliooza, na sijawahi kunusa kitu kizuri kama kile mpaka leo.

Alasiri tulimpeleka kwa mama fundi, tukamketisha kwenye kiti kizuri, miguu ndani ya maji ya moto yenye chumvi, kikombe cha uji wa mtama mkononi. Mama fundi alikuwa amekataa kuwasha bila yeye. Na kwa kuwa mama hakuwahi kuuona mchezo ule hata siku moja, aliuliza kila kitu.

"Ule ni nani?"

"Mufinyanzi."

"Na ule wa ndevu?"

"Kaporali. Balimwacha chini, bakamurudilia."

"Nani alimwacha?"

"Dada, angalia tu!"

Mfinyanzi akaingia kijijini, akafungua mlango wa nyumba yake. Ndani palikuwa na vumbi. Akafagia. Akaweka udongo kwenye meza, akakaa, akaanza kufinyanga, na Kaporali akaja akaketi karibu na moto, akala. Hakuna muziki mkubwa. Tulitazama, na tukaendelea kutazama, mpaka tukagundua kwamba hautaisha wenyewe. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na mchezo ungeisha pale tu sisi tutakapoufunga.

"Sasa balipata nini?" mama akauliza. "Safari yote ile. Dhahabu? Shamba?"

Mama fundi hakuondoa macho kwenye kioo. "Balifika, dada," akasema. "Balifika tu."

Nilisikia maji yakicheza kwenye beseni mama alipokunja vidole vya miguu. Baada ya muda mama fundi alinipa maneti, mara ya kwanza katika miezi yote ile, akasema, "Funga we." Nikaufunga mlango. Bibi, kizingitini, akamalizia kwa maneno yake ya kila ngano, taratibu, na ndipo majina yakapanda.

Ukiniuliza leo mwisho mzuri wa hadithi ndefu ni upi, sina jibu jingine. Usinipe kiti cha kifalme. Nirudishie yule aliyeachwa nyuma, hata kama ana njaa na lawama, halafu niache nitembee barabara zile zile zilizonitisha nione kwamba sasa zinapitika, na uniruhusu nifunge mlango mwenyewe nikiwa nimetosheka.

Vingi vimekwisha. Mama fundi aliitwa na mwanawe Ubelgiji, akaenda akilalamikia baridi kabla hajaiona, na akazikwa huko. Bibi naye alikoma, kama watu wanavyokoma, ngano zikabaki kwetu. Nyumba zile zimevunjwa. Palipokuwa na cherehani, leo pana ukuta mrefu na magari yameegeshwa nyuma yake, na akina mama wanaovuka mpaka wana vitambulisho vilivyofungwa kwa kamba shingoni. Nasikitika, ndiyo. Lakini si kila kilichopotea nakililia.

Wiki iliyopita nilipanda basi kwenda Gisenyi kumwona mama. Lilitoka Kigali mchana, likashika ile barabara ya Ruhengeri, siku hizi Musanze, likaanza kupinda katikati ya vilima vilivyolimwa mpaka juu. Nilikuwa nimeketi dirishani, jua usoni. Niligutuka mtu akinigusa bega. Ni mama mmoja niliyekuwa nimemwegemea, mfuko wa karoti mapajani, akicheka.

"Amuka, dada," aliniambia. "Tumefika Mahoko. Umelala njia yote."